Kiboya karibu na ndoana ufuoni: dawa ya kaa ama ni kujisumbua?

MvuviWaUmoja · Jumatatu, saa 3:12 usiku

Wadau, hamjambo. Najua wengi humu ni watu wa ngege wa bwawa la Masinga, na kuna wale wachache wa trauti wanaoganda baridi kule mto Gatamaiyu. Leo nisaidieni na bahari.

Mwezi uliopita nilipanda treni Syokimau, nikashuka Miritini, nikaunganisha matatu hadi Malindi. Siku mbili za kuvua nimesimama mchangani. Sikuvua ndani ya mbuga ya bahari, msinirukie. Nilikwenda kaskazini, kuelekea mdomo wa Sabaki, pale ambapo hakuna mwamba mbele yako na wimbi linakuja kuvunjika miguuni. Chambo changu ngisi, nimemnunua asubuhi kwa wavuvi, bado macho yanang'aa.

Usiku wa kwanza nilitupa mara 19. Nilihesabu kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Kila baada ya dakika sita, saba hivi, nikikunja uzi ndoana inarudi tupu, safi, utadhani imetoka dukani sasa hivi. Mara moja ikaja na kaa. Mdogo, wale wa kuogelea, miguu ya nyuma bapa kama kasia. Amekumbatia kipande cha mwisho cha ngisi. Alipofika kwenye povu akakiachia, akashuka, akaenda zake. Hata haraka hakuwa nayo.

Sasa swali. Naona wenzetu wa Afrika Kusini na Marekani wanaovua ufuoni huvika kiboya kidogo kwenye uzi wa ndoana. Si kile cha juu ya maji. Kinakaa kule chini kabisa, sentimita chache kutoka kwenye chambo. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha uzi, linalala mchangani, kiboya kinanyanyua chambo, kaa anabaki chini akitazama. Kuna aliyejaribu hapa kwetu? Nataka kurudi mwisho wa mwezi, na sitaki tena kulisha kaa wa Malindi kwa nauli ya kutoka Nairobi.

KaaChonjo · saa 3:20 usiku

Nimeitwa? Kwa niaba ya ndugu zangu wa Malindi, asante kwa ngisi. Tafadhali usibadilishe chochote.

Kijana_wa_Rongai · saa 3:31 usiku

Samahani wakubwa, mimi mgeni. Kiboya si ndicho kile chekundu na cheupe kinachoelea, ukikiona kimezama unavuta? Ninacho cha bwawani. Nikienda nacho baharini si ni kilekile?

MvuviWaUmoja · saa 3:36 usiku

Hapana, ndugu yangu mdogo. Kile kinakuonyesha samaki ameuma. Ufuoni wimbi litakurudishia miguuni kabla hujaketi. Hiki ninachosema hukioni kabisa ukishatupa, kazi yake ni kubeba chambo tu.

Ami_Malindi · saa 4:05 usiku

Wanangu wa bara, hamjambo. Mimi nimevua mshipi tangu sijaota ndevu, kwa dau na kwa ngalawa, na sijawahi kuvalisha chambo jaketi la kuokolea watu.

Chambo hukaa chini kwa sababu samaki wako chini. Samaki changu anakula nini? Kaa, chaza, wadudu wa mchangani. Penye kaa wengi ndipo changu anapokwenda kutafuta riziki yake. Ukikinyanyua chambo umemkimbia kaa, na changu umemkimbia pia. Na samaki taa je? Kinywa cha taa kiko upande wa tumbo. Atakula vipi kitu kinachoelea juu ya mgongo wake?

Kaa wakizidi, mimi navuta mshipi nusu pima, karibu mita moja, nashikilia hapo hapo. Yamekwisha. Boya la nini?

Mwalimu_Ruiru · Jumanne, saa 1:40 asubuhi

Ami, shikamoo. Nusu nakuunga mkono, nusu nakupinga, na ile ya kukupinga ni hesabu tu.

Ukiwa kwenye dau mshipi unashuka wima. Ukivuta nusu pima, chambo kinapanda nusu pima. Huyu wa Umoja amesimama mchangani, chubwi lake liko mita 70 mbele. Ncha ya fimbo iko mita 4 juu ya maji, chubwi liko mita 2 chini ya maji. Kwa hiyo uzi wake unapanda mita 6 tu ndani ya mita 70, hata aukaze kama waya wa kuanikia nguo. Sasa afunge tawi la ndoana, ule uzi mfupi unaoshika ndoana, mita nzima juu ya chubwi. Pale kwenye fundo atakuwa amepanda sentimita 9 hivi kutoka mchangani. Tisa! Halafu tawi lenyewe linaning'inia kutoka hapo, kwa hiyo chambo kiko chini kilekile. Kaa hahitaji hata kunyoosha mkono.

Nimesikia watu wengi wakishauriana, "funga tawi juu zaidi, kaa hawatafika." Hilo ni la dau, la gatini, la darajani. Mchangani halina faida. Wewe Ami, mkono wako ndio boya. Huyu kule hana mkono.

Ami_Malindi · saa 2:15 asubuhi

Marahaba, mwalimu. La mkono nimelikubali. La changu sijaliachia.

MvuviWaUmoja · saa 2:50 asubuhi

Mwalimu, nimeisoma hii kwenye matatu nikacheka peke yangu, jirani yangu akasogea. Mimi ndiye niliyefunga tawi juu zaidi usiku wa pili. Sasa kiboya kiwe cha ukubwa gani?

Mwalimu_Ruiru · saa 1:25 jioni

Nimepita maabara baada ya vipindi. Nilichukua lapa la zamani, nikalitoboa kwa kipande cha bomba la chuma nilichokinoa mdomo. Yakatoka madonge mazuri ya duara, kipenyo sm 2, unene sm 1.5. Donge moja kwenye mizani ni gramu 0.9.

Ujazo wake ni kama sm 4.7 za ujazo. Maji ya bahari ya ujazo huo yana gramu 4.8. Toa 0.9, zimebaki gramu 3.9 za kunyanyua. Ndoana yako ina gramu ngapi? Tuseme 4. Ikizama inapunguza kama sehemu moja ya nane ya uzito wake, maana chuma ni kizito karibu mara nane kuliko maji, hivyo inabaki 3.5. Ngisi karibu aelee mwenyewe, kipande cha ukubwa wa kidole mpe gramu moja. Jumla 4.5. Kwa hiyo donge moja halitoshi, chambo kitalala chini na boya lake shingoni. Madonge mawili yanatoa 7.8, na hapo unabaki na gramu 3 na ushei za kupandisha.

Jaribu nyumbani kwenye karai kabla hujakata tikiti. Lakini maji ya mfereji wa Umoja si bahari: tia chumvi gramu 35 kwa kila lita, kama vijiko sita vya chai. Tofauti ni ndogo, ila kitu kilicho mpakani baina ya kuzama na kuelea kinaweza kukudanganya.

Na kuna jambo ambalo karai halitakuonyesha. Mkondo. Mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo wake kwenye chambo unaongezeka mara nne, na ile nguvu ya kunyanyua haiongezeki hata chembe. Tawi la sm 60 likisukumwa mpaka likabaki nyuzi 30 kutoka mchangani, chambo kiko sm 30 juu. Likilala mpaka nyuzi 10, chambo kiko sm 10. Maji yakikimbia sana, kiboya kipo lakini ni kama hakipo.

KaaChonjo · saa 1:33 jioni

Swali la kisayansi. Lapa lilikuwa lako ama la maabara?

Na hapa Nairobi kuna karakana inayochonga twiga na vifaru kwa malapa yaliyookotwa ufuoni. Watu wanatoa malapa baharini, nyinyi mnayarudisha vipande vipande.

MamaSamaki_Mjini · saa 2:10 usiku

Huyo Kaa amesema la maana kwa mara ya kwanza mwaka huu. Nami naongeza: msithubutu kukata viboya kwa yale masanduku meupe ya kusafirishia samaki. Nayavunja kila wiki, nayajua. Yanamomonyoka punje punje, na punje hizo hazishikiki tena, zinaishia tumboni mwa samaki na kasa. Lapa ni heri, halimeguki ovyo. Kizibo cha chupa cha mti nacho kizuri mkikipata.

Tena ngisi. Nyinyi mnalaumu kaa, lakini nawaona mnavyonunua. Ngisi aliyegandishwa akayeyuka akagandishwa tena analegea, kaa anamchana kama karatasi iliyolowa. Mchukueni mgumu. Halafu mfungeni kwenye ndoana kwa uzi wa lastiki, ule mwembamba wa mafundi cherehani wa kukunjia viuno vya magauni. Maduka ya Biashara Street wanao. Zungusha mara kumi na tano, ishirini, hauhitaji fundo, unajishika wenyewe.

Mkipata kolekole wa kilo mbili kwenda juu, mimi nipo sokoni saa 12 asubuhi.

Chubwi140 · saa 4:48 usiku

Nimechelewa kuuona mjadala huu, na ndio mambo yangu. Natokea Kasarani lakini Malindi nimevua ufuoni miaka, na Kipini mara mbili. Kiboya natumia. Si kila siku.

Hasara yake ya kwanza ni umbali, na hapa hakuna ujanja. Chubwi langu la gramu 140 likienda mita 90 na chambo kitupu, nikivika madonge mawili linafika 70. Kusi ikipiga usoni, 60. Kile kitu kinapepea hewani kama jani. Ila jiulize unataka kwenda mbali kufanya nini. Ufuo ule una mfereji nyuma ya wimbi la kwanza, pale maji yanapokuwa meusi kidogo kabla ya fungu la mchanga linalofuata. Samaki wengi wanapita humo. Nimeona watu wanautupia ngisi ng'ambo ya mfereji kwa nguvu zote, wanavua jangwani.

Kukifunga. Toboa donge katikati kwa sindano ya moto, pitisha uzi, kisha lizuie kwa kijiti cha meno: kichomeke kwenye tundu, kibane uzi, vunja kilichozidi. Ukitaka kulisogeza unang'oa kijiti. Mimi naweka sm 4 au 5 juu ya ndoana. Ukilibana kabisa kwenye ndoana linaziba mdomo wake, samaki anauma sponji na ncha haimgusi. Ukiliweka mbali, sm 30 huko, chambo kinaning'inia chini yake na kaa wanafurahi, na mbaya zaidi mzia akipita anaona kitu cheupe kinacheza, anakiuma, anakata uzi juu ya ndoana. Umepoteza kila kitu na samaki hujamwona.

Mwalimu alipiga hesabu ya tawi la sm 60. Kwa urefu ni sahihi, lakini tawi la sm 60 lenye kiboya kwenye mawimbi linajizungusha kwenye uzi mkuu mpaka linakuwa kamba ya kufungia mbuzi. Mimi siendi zaidi ya 40, na natumia nailoni nene, ngumu ngumu, milimita 0.70 hivi, isiyojikunja ovyo.

Rangi sasa. Florida wanaovua pompano huvika viboya vya rangi ya machungwa na njano karibu na ndoana, na vinawasaidia. Hapa kwetu mchana rangi kali ni kumwita bunju kwa jina lake. Meno yake ni koleo. Anakula kiboya, anakula ngisi, anamalizia na uzi. Na kwa mgeni wetu wa Rongai: bunju ukimvua usimle, hata ukutane na mtu anayejisifu kuwa anajua kumtengeneza. Sumu yake haiishi kwa moto. Usiku natumia lapa jeusi na sioni tofauti yoyote kwa kolekole.

MvuviWaUmoja · saa 5:02 usiku

Lapa jeusi. Mke wangu anayo.

KaaChonjo · saa 5:03 usiku

Tutakukumbuka.

Ami_Malindi · Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Nimesoma yote baada ya sala. Huyu wa Kasarani anavua kweli, nimemtambua kwa ule mfereji.

Sasa sikiliza, mwanangu wa Umoja. Usije bamvua. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hapa hujaa na kupwa zaidi ya mita 3, mkondo unakimbia, hicho kidude chako kitalala kama alivyosema mwalimu. Njoo mwezi ukiwa nusu, maji mafu. Mkondo umelegea, chambo kitasimama. Na chubwi lako liwe na miguu. Hapa vijana wanatumia spoki za baiskeli, wanazipitisha kwenye risasi kabla haijaganda, wanazikunja nne kama nanga. Chubwi la mviringo mchangani linabingirika, na kiboya kinazungushwa nalo.

Pia, usiku utampata hongwe. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili mbavuni, na ina sumu. Usimshike kwa mkono mtupu kwenye giza ukishangilia. Ikikuchoma, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika, mpaka maumivu yashuke, kisha nenda hospitali kama kuna uvimbe.

Champali ndilo jina lake huku, si lapa.

MvuviWaUmoja · Jumapili baada ya wiki tatu, saa 2:20 usiku

Nimerudi. Mgongo unauma, jua limenibabua pua, na nina majibu.

Nilikwenda mwezi ukiwa nusu kama Ami alivyoagiza. Fimbo mbili, zimechomekwa mchangani hatua sita baina yake, ngisi mmoja, nusu huku nusu kule, nimemfunga kwa lastiki. Fimbo ya kulia tawi la sm 40 na madonge mawili meusi. Fimbo ya kushoto bila kitu. Machubwi yote mawili yana miguu ya spoki.

Usiku wa kwanza, baada ya dakika kumi nilikunja zote mbili. Ya kushoto: ndoana na lastiki, lastiki imebaki inaning'inia kama soksi. Ya kulia: ngisi mzima, mkia umetafunwa kidogo tu upande mmoja. Nilirudisha ileile majini. Dakika 25 baadaye bado nusu ilikuwapo. Nilikaa chini mchangani nikaitazama kwa tochi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wiki tatu za kukata malapa na kuchovya ndoana kwenye karai la nguo, na kile kipande cha ngisi kilikuwa kimerudi nyumbani.

Basi fimbo ya kulia ilileta kolekole wawili, mmoja wa kama kilo moja na mwingine mdogo nikamrudisha, na hongwe mmoja ambaye nilimshika kwa koleo na taulo. Asante Ami.

Lakini lazima niseme na hili. Samaki mkubwa wa safari nzima alikuwa changu, na aliuma fimbo ya kushoto. Ile isiyo na kiboya. Aliuma ndani ya dakika tatu tangu nilipotupa, kaa hawajakusanyika. Mara baada ya hapo nikawa nabadilisha chambo cha kushoto kila dakika tano, bila kungoja, na nikapata changu wa pili, mdogo. Kwa hiyo Ami hakukosea. Ukiwa na ngisi wa kutosha na nguvu ya kutupa usiku kucha, chini ni chini. Ukitaka kutupa na kunywa chai ya thamosi, vika kiboya. Mimi nitaendelea na fimbo mbili.

Mchana wa Jumamosi nilijaribu madonge ya rangi ya machungwa kwa ubishi tu. Bunju wakakata matawi matatu ndani ya saa moja. Chubwi140, sitabishana nawe tena.

Na umbali ni kweli. Kulia nilikuwa naishia kama hatua 75, kushoto hatua 100. Kolekole wote wawili walikuwa ndani ya mfereji.

MamaSamaki_Mjini · saa 2:41 usiku

Kilo moja si kilo mbili. Lakini hongera.

Ami_Malindi · saa 3:05 usiku

Changu ni changu. Siku nyingine pita nyumbani unywe kahawa, usipite kama mtalii.

KaaChonjo · saa 3:11 usiku

Na mabaki? Madonge mangapi yamebaki baharini? Ndugu zangu wanauliza.

MvuviWaUmoja · saa 3:19 usiku

Madonge manane. Bunju wamekula sita, na tawi moja likakatikia kwenye gogo lililoletwa na mto. Imeniuma, kwa hiyo asubuhi ya kuondoka nilitembea ufuoni na mfuko nikaokota malapa matatu. Nimekuja nayo kwenye treni.

Kijana_wa_Rongai · saa 3:24 usiku

Yote ya mguu wa kushoto?

MvuviWaUmoja · saa 3:26 usiku

Mawili ya kushoto, moja la kulia. La kulia ni jeusi, na mke wangu amelijaribu. Linamtosha.